Wafu Wafanyao Kazi: Misukule wa Usukuma na Sinema ya Fido

Hapana taifa lisilo na hadithi za wafu. Wengine husimulia mizimu ihitajiyo tambiko, wengine pepo wakaao njia panda, wengine roho za mababu ziwalindazo wajukuu. Lakini ziko hadithi za namna moja zilizo mbali na hizo zote, nazo ni hadithi za mfu atumikishwaye. Mfu huyu haheshimiwi kama mzimu, wala haogopwi sana kama pepo; zaidi ya yote huhurumiwa, kwa kuwa hana pumziko. Kifo, ambacho kwa kila binadamu ni mwisho wa jasho, kwake kimekuwa mwanzo wa kazi isiyo na ujira wala kikomo.

Insha hii yataka kuitazama hadithi hiyo katika mahali pawili: kwanza, katika sinema ya kuchekesha na kutisha iliyotengenezwa Kanada mwaka 2006, pili, katika nchi ya Usukuma, hasa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako neno msukule halikutoka katika sinema na mara nyingi halichekeshi. Sinema itatusaidia kama kioo tu. Sura tuitakayo ni ya Usukuma. Nadai kwamba hadithi ya msukule ni historia ya kazi, iliyohifadhiwa na watu ambao hawakuwa na daftari za hesabu. Iliuliza swali la haki kuhusu chanzo cha utajiri. Walakini jibu lililotolewa lilikuwa jibu la dhuluma, na waliolilipia ni vikongwe.

Sinema hiyo yaitwa Fido, na mwongozaji wake ni Andrew Currie. Mambo yake hutokea katika mji wa kubuniwa uitwao Willard, wenye sura ya Amerika ya miaka ya 1950: nyumba zenye bustani za majani yaliyokatwa sawasawa, magari yang'aayo, na akina mama waliovaa vizuri hata jikoni. Vumbi kutoka mbinguni limewafufua wafu, vita vikubwa vimepiganwa nao, na kampuni moja, ZomCon, imepata ushindi kwa werevu uliopita nguvu za bunduki. Imebuni mkufu wa chuma. Mfu avikwaye mkufu huo shingoni huacha tamaa ya kula watu, akawa mpole. Hufyeka majani, hugawa maziwa na magazeti, hubeba mizigo. Mji umezungushiwa ua, na nje ya ua ni nyika ya wafu wasio na mikufu. Familia ya Robinson yanunua mfu wao kwa sababu majirani wanao, na mama wa nyumba aona haya kuwa wa mwisho. Mtoto wao Timmy ampa mfu huyo jina la Fido, jina wanalopewa mbwa. Baba, ambaye utotoni ilimlazimu kumwua baba yake mzazi aliyefufuka, hana hamu ya mtumishi wa namna hiyo. Hamu yake ni kuweka akiba ya mazishi yatakayohakikisha kwamba yeye hatainuka tena.

Mcheko wa sinema hii hutoka katika adabu ya watu wake. Humzungumza mfu aliye mbele yao kama watu wazungumzavyo juu ya jiko au gari: bei yake, ubora wake, na kama limeharibika. Hapana aulizaye mfu huyu alikuwa mume wa nani. Fido, aliyeigizwa na Billy Connolly, hana neno hata moja la kusema tangu mwanzo hadi mwisho, huguna tu. Na kadiri sinema iendeleavyo, mtazamaji hutambua kwamba kiumbe asiye na ulimi ndiye mwenye utu kuliko wenye ndimi.

Sasa tugeuke kwa msukule. Kwa itikadi iliyoenea sehemu nyingi za Tanzania Bara, msukule ni mtu aliyedhaniwa kufa na kuzikwa, kumbe mchawi amemchukua na kuacha mahali pake mgomba au gogo lenye sura ya maiti. Husemwa kwamba hukatwa ulimi asipate kusimulia, hulishwa pumba, mchana hufichwa darini au nyuma ya mlango, na usiku hupelekwa shambani kulima. Kwa Kisukuma huitwa litunga, na wakiwa wengi, matunga. Mwanahistoria hana haja ya kushindana na itikadi hiyo kama mtu ashindanaye na shahidi wa uongo mahakamani. Kazi yake ni kuuliza: kwa nini mchawi huyu, aliye na uwezo wote huo, hakutaka dhahabu wala enzi, bali alitaka mkulima?

Jibu huonekana tukikumbuka namna kazi ilivyoheshimiwa Usukuma. Kulima huko kulikuwa shughuli ya watu wengi, ya mchana, na yenye ngoma. Vikundi vya vijana vilikwenda shamba baada ya shamba, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Na mchezo wa bugobogobo, uchezwao kwa majembe mikononi, ungaliko hata leo kama kumbukumbu ya kazi hiyo. Nyimbo zake ni nyingi kiasi kwamba mtaalamu wa muziki Frank Gunderson aliweza kuzijaza katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 2010. Mwenye shamba alilipa kwa chakula, pombe au mnyama wa kuchinjwa, na kila mlimaji alijulikana kwa jina lake na kwa sifa ya mkono wake. Linganisha na msukule: hulima usiku, peke yake au pamoja na wengine waliokatwa ndimi, hana ngoma, hana wimbo, hana karamu, hana jina. Kila kilicho katika bugobogobo kimegeuzwa kinyume chake. Msukule, basi, ni picha ya kazi iliyonyang'anywa mambo yote yaifanyayo kuwa ya kibinadamu, na mchawi ni mtu avunaye bila kuwashukuru wenziwe.

Wasukuma hawako peke yao katika kuwaza hivyo. Nchi iliyowapa walimwengu mfu wa sinema ni Haiti, kisiwani mwa Karibi, ambako watumwa wa Kiafrika walilimishwa miwa chini ya Wafaransa mpaka walipoasi na kujipatia uhuru mwaka 1804. Neno lenyewe la zombi wataalamu wengi hulihusisha na lugha za Kongo. Kwa watu wa Haiti, tisho la zombi lilikuwa kufanywa naye, yaani kurudishwa utumwani hata baada ya kaburi. Mwaka 1929, Marekani ikiwa bado imeikalia Haiti kwa nguvu za jeshi, mwandishi William Seabrook alitoa kitabu chenye habari za wafu waliosemwa kuwa wakifanya kazi katika mashamba ya miwa ya kampuni ya Kimarekani. Miaka mitatu baadaye sinema ya White Zombie ikaonyesha wafu wakisukuma kinu cha sukari. Ni George Romero, mwaka 1968, aliyemgeuza mfu kuwa mla watu, na tangu hapo watazamaji wakasahau kwamba zamani alikuwa kibarua. Sifa ya Fido ni kwamba imemrudisha kazini.

Tukirudi Usukuma, twaweza kufuata historia ya kazi hatua kwa hatua na kuona jinsi hadithi ya msukule ilivyopata chakula chake. Katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa mapagazi mashuhuri wa njia za kwenda pwani. Safari ilikuwa ngumu, lakini pagazi alikuwa mtu huru mwenye ujira. Alijisifu kwa mzigo wake, na kurudi kwake kulikuwa arusi ya kijiji. Katika njia hizo hizo walipita pia watu waliofungwa kongwa shingoni, waliouzwa. Hivyo macho ya watu wa bara yalikwisha kuona, katika njia moja, tofauti kati ya kazi yenye jina na kazi isiyo na jina.

Serikali za kikoloni, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, zilileta kodi, na kodi ikaleta haja ya fedha. Kibarua wa Tanganyika alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na ujira haukulipwa mpaka siku zote zimetimia. Huko Kenya, tangu mwaka 1920 hivi, kipande kilikuwa hati ya utambulisho ambayo wanaume wengi waliivaa shingoni ndani ya kasha la bati. Na mtu aliyekiona kipande hicho hatastaajabia sana mkufu wa ZomCon. Watu wa bara waliosafirishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro waliitwa manamba, kwa kuwa walihesabiwa kwa namba. Na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu ya kuwaandikisha na kuwasafirisha. Neno manamba limebaki katika Kiswahili, nalo ni ushahidi mzito kuliko ripoti nyingi: ni watu walioitwa kwa hesabu badala ya majina.

Miaka ile ile ya 1950 ambayo sinema ya Fido huiigiza, Usukuma ilikuwa katika mabadiliko makubwa. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, uliwaamuru watu kulima matuta na kupunguza mifugo, na ukawahimiza wengine kuhamia Geita kwenye ardhi iliyokuwa na watu wachache. Zao la pamba likapanuka, na vyama vya ushirika vikaungana mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mwaka 1958 watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza walilowekewa bila kuridhia. Fedha ya pamba iliingia vijijini bila kuingia kwa usawa: majirani wawili wenye majembe sawa na mvua moja waliweza kuvuna tofauti kabisa. Kwa nini? Pengine mmoja alikuwa na plau, au watoto wengi, au deni kidogo. Lakini hesabu hizo hazionekani kwa jicho, na mahali pa hesabu isiyoonekana hadithi hujiweka yenyewe: fulani ana wanaomlimia usiku.

Karibu na mji wa Shinyanga palikuwa na mfano ulio wazi zaidi wa utajiri uliojificha. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi Mwadui, na hapo pakajengwa mji wa kampuni wenye ua, hospitali, shule na uwanja wa ndege wake. Mwaka 1947 lilipatikana jiwe la rangi ya waridi ambalo Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Wafanyakazi walipekuliwa wasije wakatoka na jiwe. Ndani ya ua, kama katika nyumba za Wazungu kote Tanganyika, mwanamume mzima aliye na mke na watoto kwao aliitwa boi, akapika, akafua na kufyeka majani. Hapa hatuna haja ya kubuni mji wa Willard. Ulikuwapo, na watumishi wake walikuwa hai. Hata hivyo, katika jambo moja walifanana na Fido: jina walilopewa lilikuwa la mtu asiyekua.

Kisha dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Baadaye wachimbaji wadogo walimiminika kwa maelfu katika machimbo ya Geita na Kahama. Mwaka 1996 waliokuwa Bulyanhulu waliondolewa kwa nguvu kuipisha kampuni, na mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ukaanza kutoa dhahabu kwa mitambo. Dhahabu ni mali iliyo ngumu kuielezea kuliko pamba. Watu wawili huchimba mashimo yaliyo hatua kumi mbali. Mmoja hupata, mwingine hufilisika, na hapana jembe wala mvua ya kulaumiwa. Ndiyo maana mganga alipata soko kubwa machimboni. Mwaka 2010 Deborah Bryceson na wenzake walieleza jinsi biashara hiyo ya bahati ilivyohusika na mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa katika miaka hiyo. Januari 2009 serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kuzifuta leseni za waganga wa jadi. Mtazamo ni ule ule wa msukule, umefika mwisho wake: mwili wa mtu mwingine wageuzwa kuwa chombo cha kuzalisha mali.

Sasa twafika penye jeraha. Swali la wanakijiji lilikuwa sahihi: huyu amepataje, na nani amemfanyia kazi? Lakini walipobisha hodi kutafuta jibu, hawakubisha penye ua wa kampuni, wala kwa mnunuzi wa pamba, wala kwa mtoza kodi. Walibisha kwa bibi kizee. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeichunguza habari hii kwa uangalifu mkubwa, ameonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa mambo yaliyohusishwa na uchawi: wanaume 1,407 na wanawake 2,286. Zaidi ya nusu yao waliuawa Usukuma. Alama iliyotumiwa aghalabu kuwahukumu wanawake hao ilikuwa macho mekundu. Na macho hayo yalitokana na moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe ambao mwanamke hupikia maisha yake yote. Yaani alama ya kazi yake ndiyo iliyofanywa ushahidi wa kwamba anatumikisha wengine. Sijui kejeli iliyo chungu kuliko hiyo katika historia ya nchi yetu.

Sababu za mauaji hayo hazikuwa itikadi peke yake. Mjane mwenye shamba ana warithi wasiopenda kungoja. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliadhibu anayejidai mchawi na pia anayemtuhumu mwenziwe, lakini wanakijiji waliiona kama kinga ya wachawi, kwa kuwa iliwanyima mahali pa kushtaki. Watemi, waliokuwa wakisuluhisha magomvi ya namna hiyo, waliondolewa mamlaka yao mwaka 1963. Kisha Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwakusanya watu waliozoea kuishi mbalimbali, kila mji na mashamba yake, ikawaweka bega kwa bega. Na Mesaki amesema kwamba ukaribu huo wa ghafula ulizidisha shuku. Sungusungu walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwakamata wezi wa ng'ombe, mahali pengine waligeukia pia walioshukiwa uchawi. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na sababu yake, na kila moja ilimsogeza kikongwe karibu zaidi na panga.

Baada ya kuyajua hayo, mtu wa Shinyanga aitazamapo Fido hataicheka pale pale wachekapo wengine. Mauti ya kwanza yaletwayo na Fido ni ya jirani mkongwe, Bibi Henderson, atembeaye kwa kushikilia kigari chake. Mkufu umeharibika, bibi ampiga mfu kwa kigari, mfu amwua. Watengenezaji wa sinema wamemfanya bibi huyo kuwa mkali na mchokozi, ili kifo chake kiwe kichekesho kisichosumbua dhamiri. Tena, katika mji ambao kila afaye huinuka, hapana budi mzee awe kiumbe wa kushukiwa, maana yu karibu na mlango. Sinema yenyewe, iliyo na huruma kubwa kwa mfu asiye na ulimi, haina huruma ya kutosha kwa mzee mwenye ulimi. Hivyo kosa la Willard na kosa la vijiji vyetu ni jamaa: pote pawili, hofu ya kazi isiyo ya haki humwangukia yeye aliye dhaifu, asiye na mtu wa kumlilia.

Hata hivyo yako mambo mawili ambayo sinema hii yatufundisha. La kwanza ni kwamba imeweka lawama mahali pake. Mkufu una mtengenezaji, mtengenezaji ana kampuni, kampuni ina walinzi, na mwisho wa hadithi mkuu wa walinzi hao mwenyewe afa, avikwa mkufu, na binti yake amwongoza kwa mnyororo. Mtazamaji haachwi akidhani kwamba utumwa wa wafu ulitoka gizani, umetoka ofisini. La pili ni kwamba kicheko chaweza kufanya kazi ambayo mahubiri hayakuiweza. Tanzania imepata sinema zake za kutisha, kama Nsyuka ya Mussa Banzi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na magazeti ya udaku yamewauza misukule kwa miaka mingi. Aghalabu kazi hizo hututisha, kisha hutuacha na tisho letu. Haijawa kawaida kumfanya mtuhumu wa mchawi kuwa mtu wa kuchekwa: kijana mvivu amtazamaye bibi yake kwa macho ya urithi, akidai ameona misukule darini, kumbe darini mna mbegu za mahindi tu. Mwandishi atakayeweza kuiandika tamthilia hiyo kwa Kiswahili, akawachekesha watu wa Kahama na Geita mpaka wakajionea haya, atakuwa ameokoa maisha ya watu.

Kwa wanafunzi wa historia funzo ni la namna nyingine. Tumezoea kuziweka itikadi upande mmoja na uchumi upande mwingine, za kwanza tukiwaachia wakusanyaji wa ngano, na wa pili tukiuandika kwa takwimu. Msukule haukubali mgawanyo huo. Ndani yake mmekaa pagazi na mtumwa, kipande na namba, pamba ya jirani na shimo la dhahabu lisilotoa kitu. Mtu aisikilizaye hadithi hiyo kwa makini atasikia ndani yake malalamiko ya wafanyakazi waliokosa mahali pa kuyapeleka. Maadamu malalamiko hayo hayakupata baraza, yalipata mchawi; na maadamu mchawi hakuonekana, alipatikana bibi.

Swali la kale, basi, lisizimwe kwa kuitwa ujinga. Liulizwe upya, mchana kweupe, kwa sauti ya watu wengi kama walimaji wa bugobogobo: mali hii imetokana na jasho la nani, na mwenye jasho amelipwa nini? Liulizwe mgodini na mnadani, katika ofisi ya kodi na katika nyumba zetu wenyewe, ambamo msichana wa kazi huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na pengine wageni huondoka bila kulijua jina lake. Swali hilo lina milango mingi ya kubisha. Mlango wa kikongwe mwenye macho mekundu haumo miongoni mwake.